Neno la Vipande Vitatu

Damari Mwaisumo aliisoma barua ile mara tatu, amesimama wima kwenye baraza la hospitali ya Mbeya, na mara zote tatu alama zilikuwa thelathini na nane. Si themanini na tatu, kama jicho lake lilivyotaka kumdanganya mara ya kwanza. Thelathini na nane kwa mia. Aliikunja, akaitia mfukoni mwa sare, akaingia wodini kugawa dawa. Mgonjwa wa kwanza alipomsalimu hakuitika, maana hakumsikia.

Ulikuwa mwezi wa sita mwaka 1956, ukungu umeufunika mlima Loleza na kushuka mpaka kwenye mabati. Damari alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Rungwe, muuguzi aliyehitimu mafunzo ya hapa nchini na kusifiwa kwa wepesi wa mikono. Nafasi zilikuwa zimetangazwa kwa wahitimu kama yeye kwenda Uingereza kusomea kozi ya juu, na mlango wa kupitia ulikuwa mmoja tu: mtihani wa Kiingereza uliofanyika Iringa mara moja kwa mwaka.

Kilichompiga bumbuwazi si kufeli. Watu hufeli. Ni kwamba alikuwa amehifadhi maneno mia tisa. Aliazima kamusi kwa mwalimu mmoja wa misheni, akaanza na herufi A, neno na maana yake, neno na maana yake, asubuhi kabla ya zamu na jioni akisonga ugali, na hadi siku ya mtihani alikuwa amemaliza F. Karatasi ya mtihani ikamwuliza maneno ya R, na S, na W. Na yale aliyoyajua ndiyo yaliyomwaibisha zaidi. Alipotakiwa aeleze habari za mama yake, aliandika kwamba mama ni "ancient", neno linalosemwa kwa magofu na falme zilizokwisha kufa; tena akaandika kwamba yeye ana mapenzi "acute" kwa kazi yake, kama vile mapenzi ni maumivu ya tumbo. Chini ya barua msahihishaji alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake: mtahiniwa anajua maneno mengi, ila hajazoeana na hata moja.

"Umeisoma kamusi kama mtu anayelima tuta kwa tuta," aliambiwa na Evarista, Mbena wa pande za Njombe, muuguzi mwenzake waliyekaa naye chumba kimoja. "Mvua imekukuta katikati ya shamba. Sasa utafanyaje?"

"Nitaendelea na G," Damari akajibu. Hakujua njia nyingine.

Mwezi wa tisa akahamishiwa wodi ya Wahindi, chumba kidogo cha vitanda vinne upande wa jua. Huko ndiko alikomkuta Mzee Himmat, muuza vitambaa wa Uhindini, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, aliyelazwa kwa tumbo lisilokubali chakula. Mkewe na watoto walikuwa Iringa kwenye nyumba ya ukoo. Yeye mwenyewe alikaa Mbeya na duka lake karibu miaka thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa Mbeya kabisa.

Siku ya tatu, Damari alipokuwa akimpima joto, mzee alimwangalia midomo.

"Unasali, sista?"

"Hapana, mzee. Nasoma."

"Unasoma nini bila kitabu?"

"G," Damari akasema, na aliposikia jibu lake mwenyewe akaona haya.

Mzee Himmat alitaka kuelezwa yote, naye akamweleza, pamoja na zile thelathini na nane. Mzee hakucheka. Alikitoa kipimajoto kwapani kabla ya wakati wake. "Mimi Kiingereza nilijifunza kwenye majora ya vitambaa," alisema. "Sikusoma darasani. Kila jora lilikuja na karatasi yake. Neno nililolijua ni lile lililokuwa na kitambaa chake. Niletee neno moja uliloshindwa kwenye mtihani."

"Reluctant."

"Ni nani humu ndani aliye reluctant?"

Damari hakujua. Mzee akaeleza kuwa ni mtu anayefanya jambo kwa kujivuta, moyo wake hautaki. Damari akatazama huku na huku, na macho yake yakaangukia bakuli lililojaa vilevile kama lilivyoletwa. "Mzee Himmat," akasema polepole, "ni reluctant akiletewa uji."

"Hilo sasa ni lako," mzee akasema. "Kesho nitakuuliza. Keshokutwa sitakuuliza. Siku ya nne nitakuuliza tena, pale utakapokuwa umeanza kulisahau."

Ndivyo walivyoanza. Kamusi ilirudi kwa mwenyewe. Damari akaacha kufuata herufi, akawa anaokota maneno pale alipoyakuta: kwenye chupa za dawa, kwenye gazeti la mzee, midomoni mwa madaktari. Kila neno alilivisha mtu au kitu anachokijua. Aliliandika kwenye kipande cha boksi la majani ya chai, neno upande huu, sentensi yake upande wa pili, na kila alipoingia zamu mzee alimwuliza swali lilelile: "Leo umeokota neno gani?"

Maneno marefu alimfundisha kuyavunja. "Kwenye majora yangu imeandikwa washable. Wash ni kufua. Able, mkia wake, ni kwamba jambo linawezekana. Kitambaa kinachofulika. Ukiona able nyuma, nusu ya kazi imekwisha. Mbele nako tazama: un na in mara nyingi hukana." Kisha akasukuma bakuli la uji. "Edible ni kitu kinacholika. Haya, huu?"

"Inedible," Damari akasema, na wagonjwa wengine wawili wakacheka bila kujua wanachekea nini.

Kufika mwezi wa kumi na moja alikuwa na vipande vya boksi mia tatu na kumi. Ni vichache kuliko yale maneno mia tisa, lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa kigeni kwake. Alianza kuwaelewa Wazungu wakizungumza wao kwa wao, na jambo hilo lilimtia hofu ndogo ya furaha, kama mtu aliyeona dirisha limefunguka kwenye ukuta aliouzoea.

Jumanne moja daktari mkuu aliingia wodini na daktari kijana mgeni. Wakasimama mbali na vitanda, kwenye meza ya dirishani ambako Damari alikuwa akikunja bandeji. Hawakumtazama. Daktari mkuu aliinua picha ya eksrei ya Mzee Himmat kwenye mwanga, akaonyesha mahali kwa ncha ya kalamu, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Mojawapo lilikuwa "inoperable".

Damari hakuwahi kulikuta neno lile. Halikuwemo kwenye boksi lolote. Lakini lilipofika masikioni mwake lilijivunja lenyewe, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, nalo likakaa wazi mbele yake kabla hajapata nafasi ya kulizuia. Mikono yake iliendelea kukunja. Alikunja bandeji moja, akaikunjua, akaikunja tena. Madaktari walipita kwenye kitanda cha Mzee Himmat, daktari mkuu akamgusa bega na kumwambia kwa Kiswahili apumzike, wataona. Wakaondoka.

Mzee alikuwa amewatazama tangu walipokuwa dirishani.

"Sista," akaita. Damari akaenda. "Leo umeokota neno gani?"

Angeweza kumpa neno jingine lolote. Alikuwa na mawili mfukoni, ameyatoa kwenye chupa ya aidini asubuhi ileile. Tena sheria ya kazi aliijua: habari za ugonjwa husemwa na daktari, muuguzi hafungui kinywa. Lakini mtu huyu alikuwa amemwuliza swali hili kwa majuma tisa, naye Damari hakuwahi kumjibu uongo.

"Inoperable," akasema.

"Livunje."

"Mzee, tafadhali."

"Livunje, binti."

"In ni kukana," Damari akasema. Sauti yake aliisikia inatoka mbali. "Operate ni kupasua. Able, inawezekana."

"Liunganishe."

"Haipasuliki."

Jua lilikuwa limejaa kitandani. Mzee Himmat alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka, akaivaa. "Matamshi yako mabaya," akasema. "Mkazo uwe kwenye op. Inoperable. Rudia." Damari akarudia. Mzee akageukia ukutani, akalala hivyo mchana kutwa.

Kesho yake Damari alikuwa na mapumziko. Alipoingia kazini keshokutwa, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Mzee alikuwa ameomba ruhusa ya kuondoka, mwanawe Umakant akaja na gari kumpeleka Iringa. Hakuacha salamu. Katikati ya mwezi wa kwanza Damari alipita Uhindini akitoka sokoni, akakuta mlango wa duka umefungwa na mtu wa duka la jirani akamwambia: amefariki, juma limepita. Alisimama pale mpaka jirani akamwuliza kama anaumwa.

Akaamini kwamba ndiye aliyemuua. Kwamba mtu yule angeishi zaidi kama angebaki na tumaini, na yeye kwa kiburi cha mwanafunzi alimpokonya. Vipande vya boksi alivitia chini ya kitanda. Evarista ndiye aliyevitoa, akavipanga juu ya blanketi, akaanza kuuliza kimoja kimoja, na Damari akajibu vyote bila kutaka, kwa sababu vilikuwa vimekwisha kuwa vyake.

Mwezi wa tatu alipanda basi la Shirika la Reli kwenda Iringa. Kutwa nzima ya vumbi, Igawa, Makambako, na upande wa Sao baridi. Mtihani ulikuwa Jumatano. Yeye alifika Jumatatu ili apate siku ya kutoa pole. Alielekezwa nyumba, akapokewa na Manjula, mjane wa Himmat, mama mnene aliyevaa sari nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Damari," mama akasema kabla hajajitambulisha. "Keti."

Damari hakuketi. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, akayasema yote kwa pamoja: neno alilolisikia, alivyolitamka, kwamba haikuwa kazi yake kulitamka, kwamba ameomba msamaha kwa Mungu na sasa anaomba kwake. Manjula alimsikiliza huku amekunja uso kama mtu anayesikia habari isiyofanana na ile anayoijua.

"Mwanangu," akasema, "Himmat alikuwa anajua."

Damari akauliza tangu lini.

"Mwezi wa saba alikwenda Nairobi. Daktari wa huko alimwambia ni saratani, hakuna kisu kitakachosaidia. Hakuniambia hata mimi. Akarudi Mbeya, akalala hospitali yenu, hakumweleza mtu. Alitaka kusikia hawa watasema nini. Alikuwa anangoja neno jingine."

Hapo ndipo Damari alipoketi. Kwanza ulikuja wepesi wa moyo, halafu hasira ambayo hakuitegemea: mzee alijua, na bado alimfanya alivunje lile neno kipande kwa kipande kwa kinywa chake. Halafu akaelewa jambo lililokuwa baya kuliko hasira, kwamba mzee alipomwuliza alikuwa angali anatumaini. Manjula akampa chai, naye akaishika mpaka ikapoa.

"Hao madaktari wenu walimwambia apumzike," Manjula akasema. "Angepumzika huko mpaka mwisho. Aliporudi hapa tulikaa naye wiki saba. Alinieleza kila kitu. Mimi sina la kukusamehe."

Mtihani Damari aliufanya kama mtu anayetembea ndani ya maji. Hakukumbuka alichoandika. Barua ilipokuja mwezi wa sita alimpa Evarista aifungue, na Evarista akaisoma kwa muda mrefu kiasi kwamba Damari alianza kuomboleza moyoni. "Sabini na nne," Evarista akasema. Damari akaomba aisome tena.

Kabla ya kusafiri kwenda Uingereza alikwenda ofisini kwa daktari mkuu na kumweleza, kwa Kiingereza, mambo ya ile Jumanne. Daktari alisimamisha kalamu yake katikati ya karatasi.

"Ulielewa?" akauliza.

"Kila neno, bwana daktari."

"Kwa nini unaniambia leo? Ungeweza kwenda zako, nisingejua kamwe."

"Kwa sababu wenzangu wanabaki," Damari akasema, "na wao pia wanasikia."

Daktari aliweka kalamu chini. Alikuwa akiutazama mlango ulio wazi, na nje yake baraza ambako wauguzi watatu wa zamu ya mchana walikuwa wakipita na mabeseni, kama mtu anayejaribu kuhesabu ni mangapi aliyokwisha kuyasema mbele yao.