Mstari Wenye Majina Matatu

Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina, maana Likasi ni mji wa kujuana. Nina miaka arobaini na mitano, watoto watatu, na ninauza unga hapa mtaa wa Panda. Sitafuti huruma. Nililia zamani, sasa nimebaki kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Miaka ile ya tisini, kazi za shaba zilipokufa, baba alitoka asubuhi na kurudi mikono mitupu, tukawa tunakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, akasema ametupatia nafasi ya shule Mulungwishi, mimi na rafiki yangu Bea, binti wa jirani. Tulikuwa na miaka kumi na minne. Mama alinifulia sketi ya bluu. Huko shule hatukufika. Tulishushwa kwenye kambi ya wavuvi, ziwani Tshangalele, na mama mdogo akarudi Likasi na magunia ya samaki wakavu aliyopewa na mchuuzi mmoja. Ya kule siyaandiki. Jueni tu kwamba tuliuzwa, na kwamba baada ya miezi kadhaa mama mmoja mkausha samaki alinipandisha kwenye lori akanifunika kwa vikapu. Bea siku hiyo alikuwa ng'ambo ya ziwa. Sikumsubiri.

Niliporudi nikasema yote. Serikali wakati ule haikuwa na nguvu ya kumshika mtu, basi wakubwa wa mtaa wakafungua kitabu kwa shefu, mkuu wa mtaa. Wakaandika mstari mmoja: jina la mama mdogo, neno "aliuza", halafu jina langu na la Bea. Kila Jumapili baada ya misa mama mdogo alisimama mbele ya watu akaitikia jina lake. Wanaume wawili wakawekwa zamu mlangoni pake, asije akachukua mtoto mwingine, na kila nyumba ikatakiwa kutoa meka ya unga, lile kopo tunalopimia, ili wenye zamu wale. Mama yangu alitoa. Mama yake Bea naye alitoa, na wadogo zake Bea wakalala njaa.

Mama Bea aliomba unga wa juma moja tu uwe chakula cha njiani, watu wawili wamfuate mwanawe. Shefu alimjibu kwa upole kabisa.

"Mama, ile unga ni ya zamu. Ikienda mu safari, nani atalinda batoto benye banabakia huku?"

Watu wakasema ni kweli. Hata mimi niliona ni kweli.

Kisha nikamwona yule mchuuzi aliyempa mama mdogo samaki. Alikuja Panda mchana peupe na baiskeli yake, akasimama pale pale mlangoni kwa mama mdogo, akawauzia wenye zamu samaki. Wakawala kwa bukari ya unga wa mama zetu. Nilikwenda kwa shefu nikasema ni yeye. Shefu akapekua kitabu, akasema hayumo, kitabu ni cha wakaaji wa mtaa. Yule bwana akapanda baiskeli akaenda zake. Mnadhani nilikasirika? Nilisimama tu nikitazama miiba ya samaki chini. Watu walipokwenda ziwani hatimaye, kambi ilikuwa imehama. Bea hajaonekana mpaka leo.

Kitabu hakikuniacha na mimi. Mchumba wangu wa kwanza alipokuja, ndugu zake walikwenda kuuliza habari zangu kwa shefu, wakasomewa mstari ule. Hawakurudi.

Sasa mama mdogo ni mgonjwa, hainuki. Zamu ilikufa zamani, watu walichoka, ila sharti moja lilibaki: aliyemo kitabuni, mtaa hauchimbi kaburi lake wala haukai kwenye kilio chake. Anayeweza kumfuta ni aliyetendewa, kwa mkono wake. Akaniita. Hakulia, nami sikulia.

"Nilikukosea, mutoto wangu," akasema. "Miye sitafuti mbingu. Natafuta tu bantu ba kunizika."

Nilikuwa tayari kufuta. Si msamaha, ni uchovu. Shefu wa sasa akanipa kitabu nikae nacho mpaka Jumapili. Nikamuuliza kama naweza kufuta jina la mama mdogo tu, akasema mstari hufutwa wote.

Jana mama Bea akaja na fimbo yake. Nilidhani atanitukana. Aliketi, akaniomba nimfungulie ukurasa. Hajui kusoma, nikakishika kidole chake nikakiweka kwenye jina la mwanawe. 

"Weye ulirudia ku nyumba," akasema. "Yeye iko hapa tu. Ukimufuta ule mama, unamufuta na mutoto wangu."

Kitabu kiko juu ya gunia la unga, ninawaandikia nikikitazama. Nikikiacha kilivyo, mama mdogo atazikwa na mimi na watoto wangu, hakuna mwingine. Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu mnaosoma, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Msiniambie nisali, nimesali. Mimi ndiye niliyepanda lori bila kumsubiri Bea. Niambieni kama naweza kumwacha mara ya pili.