Senge Aliapa Kutunza Siri za Posta, Akatoboa Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, naishi karibu na Silibwet na baba na nyanya. Mama alikosana na baba akarudi kwao Kisii, na kwetu jina lake halitajwi.

Dada ya baba, ambaye namwita senge, anafanya kazi katika posta moja ndogo. Alipoajiriwa aliapa akiwa ameshika Biblia kwamba hatafungua wala kutangaza kitu cha mtu. Jioni hiyo tulimwombea nyumbani, tukanywa mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, naye akarudia kiapo chake mbele yetu mpaka nyanya akatoa machozi. Nilimwamini kabisa.

Ndiyo maana mama alipoomba anwani kupitia rafiki yangu, nilimpa ya posta ya senge. Kikaja kifurushi chenye sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe. Senge alinipa akininong'oneza, "Ficha. Hii ibaki kati yangu na wewe."

Sikuivaa hata siku moja. Lakini Jumamosi iliyofuata, tukingoja lori kwenye kituo cha kununua majani chai, mama mmoja akaniuliza, "Na wewe, sweta ya Kisii inapasha joto?"

Mwenzake akacheka. "Wacha mtoto wa watu apimiwe majani."

Baba alikuwa mbele yetu kwenye mizani. Hakugeuka. Tulipofika nyumbani alichukua ile sweta, akasema, "Dada yangu aliniambia kitambo, nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Ikija nyingine atairudisha."

Nilimfuata senge jikoni kwake. "Senge, si uliapa?"

"Mtoto wangu, niliapia serikali. Huyu ni ndugu yangu. Ningemficha aje?"

"Na wale wamama wa kituoni, pia ni ndugu zako?"

Akaendelea kukata sukuma wiki bila kuniangalia.

Sasa mama ametuma ujumbe kupitia yule rafiki yangu kwamba kifurushi kingine kiko njiani, na ndani ameweka simu ndogo ili tuongee. Kikirudishwa kabla ujumbe wangu haujamfikia, atafikiri mimi ndiye nimemkataa. Nataka kwenda kumshtaki senge kwa mkubwa wa posta kabla hakijafika, ila senge analea watoto watatu peke yake, na kazi ni hiyo tu. Bado nampenda. Bado naamini nitasikia sauti ya mama.

Wapendwa mnaosoma, mngekuwa mimi, mngeingia kwa hiyo ofisi?