Saa Iliyokosa Mkono

Fundi saa wa mjini Ruwais huvaa saa za watu mkono mzima, kutoka kwenye kifundo hadi kiwiko, azipime mwendo. Ukimuuliza neno, huinua kwanza mkono sikioni, ndipo akujibu. Badriya, mwalimu wa fizikia, hupenda kumchokoza: ati saa ikirushwa kwa kasi kubwa mno huchelewa, kwa kuwa wakati wenyewe umepunguza mwendo. "Mwanangu, wakati sijaufungua hata siku moja," fundi humwambia. "Saa nimezifungua. Ikichelewa, kuna kitu ndani kimekwenda polepole."

Siku moja mzee Nassor alimpelekea fundi saa ya marehemu mkewe, ile isiyotiwa ufunguo wala betri. Ilisimama asubuhi ya siku ya pili baada ya maziko, na tangu hapo adhuhuri kwake haifiki. "Imekufa?" mzee akauliza. Fundi akaifungua, akaipuliza, akaifunga. "Nzima, ami. Hii hula mtikisiko wa mkono. Imekosa mkono tu." Akaongeza pingili mbili kwenye mkanda, akamvisha mzee, akaushika ule mkono na kuutikisa taratibu, kama anayeagana na mtu, mpaka mshale ukaanza kwenda. "Tembea nayo, ami. Ukikaa kitako itasimama."

Mzee akashika njia ndefu ya kurudi nyumbani.