Mayu Minza Alivyorudi Barabarani

Siku ninayokusimulia, mwanangu, nywele zangu zilikuwa bado nyeusi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati kule Ngulyati pamoja na mama mkwe wangu, Mayu Minza; mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Muuguzi alimpima presha, akaguna.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza kila siku."

"Na kutembea, unatembea?"

Mayu alinitazama, kisha akamjibu, "Sina ruhusa."

Ilikuwa kweli. Tangu aambiwe ana presha, mume wangu Masanja, ambaye ndiye kifungua mimba wake, alimkataza kila kitu. Jembe asishike, maji asichote, kanisani apelekwe kwa pikipiki. Alimpenda mno mama yake, hilo usilitilie shaka. Lakini mama yule aliyezoea kupalilia pamba tangu alfajiri, sasa alikuwa anatweta akitoka barazani kwenda jikoni tu.

Muuguzi alitueleza kwa upole. Moyo ni nyama, alisema, kama ile ya mguu. Usipoufanyisha kazi unalegea. Ukitembea mara kwa mara unapata nguvu, mishipa ya damu inabaki laini, na presha inashuka. "Ila dawa usiache," alimwambia. "Anza taratibu, mwendo ambao bado mnaweza kupiga stori. Kifua kikiuma au ukisikia kizunguzungu, simama, uje hapa haraka."

Kazi ikawa kumwambia Masanja. Utamwambiaje mwanaume wa Kisukuma kwamba vile anavyomtunza mama yake ndivyo anavyomdhoofisha? Nilijikaza nikamwambia jioni tukiwa tunakula.

"Watu watasemaje?" alifoka. "Pikipiki ipo nyumbani, halafu mama yangu anahangaika barabarani?"

Kabla sijajibu, Mayu aliweka bakuli chini. "Masanja, ulipoanza kutembea ulikuwa unaanguka kila siku. Je, nilikubeba mgongoni mpaka ukaota ndevu? Niache nitembee."

Masanja alinawa mikono, akatoka nje.

Tukaanza. Mara ya kwanza tuliishia kwa jirani tu, Mayu akaomba kupumzika. Baadaye tukafika shuleni, halafu madukani, watu wakitusalimu, "Mwangaluka, mayu!" naye akiwaitikia kwa sauti, pumzi zikiwa zimetulia. Dawa zake alimeza vilevile. Kila tulipokwenda kupima, presha ilikuwa imeshuka kidogo, mpaka siku moja muuguzi akampigia makofi palepale kwenye foleni.

Basi ikafika siku ya ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wangu mchanga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo wetu wa mbuga, ule mweusi unaonata, unaujua. Pikipiki ilizama matopeni kabla hata hatujafika njia kubwa. Masanja akasukuma, akavuta, akalaani. Mayu alivua viatu, akajifunga khanga kiunoni, akasema, "Padri hatatusubiri." Akatangulia. Mimi na mtoto mgongoni nyuma yake.

Masanja alitukuta kanisani akihema, shati limelowa jasho. Mama yake alikuwa ameshaketi benchi la mbele, anaimba kuishinda kwaya! Wanawake waliomjua alivyokuwa walishindwa kujizuia, wakapiga vigelegele katikati ya ibada, na padri akawaacha.

Kesho yake asubuhi Masanja alisimama mlangoni kwa mama yake, amevaa viatu vya shamba.

"Mayu, leo mnapita njia gani?"

Mayu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawabeba hata watoto wa wajukuu zake.

Sasa wewe, mwanangu, unayepanda boda kwenda dukani hapo tu, nisikilize. Usisubiri kuugua ndipo ukumbuke miguu yako. Tembea kila siku, tembea na mwenzako, na presha kapime hata kama hujisikii vibaya. Ukiwa na mzazi mgonjwa, kamuulize muuguzi au daktari mzazi huyo anachoweza kufanya, siyo anachokatazwa tu. Kisha ongozana naye.

Mungu akutie nguvu miguuni, akulindie moyo wako, na uzee wako ukukute ukiwa njiani, unasalimiwa na kila mtu.