Bahari Juu ya Banda la Ndama

Siku hiyo mwalimu wetu wa jiografia alisema bahari inachafuliwa hata kwa njia ya hewa. Moshi wa magari, moshi wa mashamba yanayochomwa, mvuke wa mbolea na mikojo ya mifugo, vyote vina nitrojeni. Upepo unaichukua, mvua inaishusha majini. Huko mwani unashiba kupita kiasi, unafunika maji, unakufa, unaoza, samaki wanakosa hewa.

Nikanyoosha mkono. "Kwa hiyo babu yangu wa Kabungu anachafua bahari, na hajawahi hata kuiona?"

Darasa likalipuka. Mwalimu hakucheka. "Si mjuaji wewe? Thibitisha. Ukishindwa, wenzako wakienda ziwani unabaki unafagia vyoo."

Aisee. Safari ya ziwani! Nilikuwa nimeiota tangu kidato cha kwanza.

Basi nikatengeneza bahari mbili. Mabeseni mawili, maji ya bomba yaleyale, kila moja nikatia kijiko cha ukijani wa mwani niliokwangua kwenye dimbwi. Moja juu ya bati la nyumbani kwetu mjini Majengo, lingine juu ya banda la ndama kwa babu, zizi la ng'ombe liko ubavuni mwake. Yote nikayafunika chandarua, maana ndege hawana adabu.

"Unafuga nini huko juu?" babu akauliza.

"Bahari."

Akawatangazia majirani kwamba mjukuu wake kachanganyikiwa. Lakini kila asubuhi alikuwa anapanda ngazi kuchungulia.

Wiki zikapita. La Majengo likawa na ukijani kidogo pembeni. La Kabungu lilikuwa mlenda mtupu.

Mwalimu akaja na bodaboda kujionea. "Ng'ombe kakojoa humo," akasema kabla hata hajapanda.

"Mwalimu," babu akajibu kwa upole, "ng'ombe wangu wanajua mengi, ila kupanda paa bado."

Mwalimu akapanda mwenyewe. Upepo ukapanda naye kutoka zizini. Akapepesa macho, akakohoa, machozi yakamtoka.

"Hiyo hewa inayokuwasha ndo yenye nitrojeni, mwalimu," nikamwambia nikiwa chini. "Iko njiani kuingia kwenye beseni."

Akashuka anajifuta, anacheka. "Haya, utaenda."

Babu akadakia. "Yaani ng'ombe wangu wanafika mpaka majini, mimi mwenye ng'ombe nabaki hapa?"

"Labda mjukuu wako akupishe kiti chake, mzee," mwalimu akasema.

Siku ya safari, kwenye kiti changu cha dirishani alikaa babu, kavaa koti la harusini. Mimi nilikaa katikati ya basi, juu ya ndoo, raha tupu. Ziwa lilipotokea, basi zima likapiga kelele.

"Kubwa hivi!" babu akasema. "Ng'ombe wangu peke yao hawaliwezi."

"Hawako peke yao, babu. Kuna bodaboda, na yale mashamba mnayochoma kila kiangazi."

Akanikazia macho. "Nyie watoto mnachosha," akasema, kisha akakunja suruali na kututangulia wote majini.