Kinywaji cha Mayai Mabichi

Majira yangu ya kwanza ya baridi Toronto niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba Mkanada hamwiti tena kazini Januari mtu aliyekataa kinywaji cha mayai kwenye sherehe ya Krismasi. Aliyenipa habari hiyo ni Mrundi mmoja tuliyekuwa tukipakia naye mikate kiwandani. "Kaka, wanakutazama koo," aliniambia. "Usipomeza, umekwisha." Na mimi mkataba wangu ulikuwa unaishia Desemba!

Basi jioni ya sherehe msimamizi wetu, mzee wa Kiismailia mzaliwa wa Mwanza, akatupeleka kwenye baa ndogo kule Unionville, nje kidogo ya jiji. Theluji imefika madirishani, ndani kunanuka soksi zilizolowa na bia iliyomwagika tangu enzi za mababu zao. Mhudumu akaniletea kikombe. Jamani! Kizito kama kamasi la ng'ombe mwenye mafua, cha manjano, juu kimetanda utando, halafu kungumanga imenyunyizwa kuficha ushahidi. Mimi nimemaliza sekondari kwa masomo ya usiku, na baiolojia nilifaulu. Yai bichi nalijua. Nikafumba macho, nikameza. Kikateremka polepole, kikisimama kila kituo.

Kwetu ukirudisha kikombe kina kitu ndani umemtukana mwenyeji, kwa hiyo nikakikausha. Mhudumu kuona kitupu, akajaza. Nikakausha. Akajaza. Cha tatu, shombo la yai lilinitokea puani na masikioni. Mrundi ananipigia makofi: "Twende, kaka! Januari hiyo!" Mwenyewe anakunywa soda, mshenzi yule, yeye ni mwajiriwa wa kudumu.

Cha nne kiligoma kooni. Nikatoka mbio, nikaichafua theluji yote ya Unionville. Msimamizi akanifuata na tishu mkononi.

"Bwana mdogo, nani amekulazimisha?"

Nikamweleza yote, huku nikimsihi azingatie kwamba vitatu vya kwanza pengine bado vimo ndani. Hakucheka.

"Hicho kinywaji hata Wakanada wenyewe wengi hawakipendi," alisema. "Mimi sijawahi kukionja, na nina miaka ishirini pale kiwandani. Watu wa Januari tunawachukua kufuatana na oda za mikate na mahudhurio yao. Wewe hujakosa hata siku moja. Jina lako liko ubaoni tangu Jumatatu."