Pigo Lisilo na Sauti

Ijumaa nilikuwa mtaa wa Ghala, kwenye ukumbi wa mashindano ya kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mianzi. Mbele yangu bibi mmoja wa Kizanzibari alikuwa akimtazama mjukuu wake. Binti alimpiga mpinzani wake kichwani mara mbili, safi kabisa, na waamuzi hawakunyanyua bendera.

"Mbona wanamdhulumu?" bibi akaniuliza.

"Hajapiga ukelele," nikamweleza. "Lazima ataje kwa sauti mahali anapopiga. Akinyamaza, pigo halihesabiwi."

Bibi akaweka mkono kifuani. "Basi kosa langu. Tangu mdogo nnamwambia mtoto wa kike hapazi sauti." Kisha akasimama, akashika kiuno. "Mwanangu! Leo nimekuruhusu!"

Binti akajirusha mbele. "Kichwaaa!" Kijapani chote kilimpotea, lakini bendera tatu zilipanda pamoja, na ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi.

Nikajiuliza ni mapigo mangapi safi yamepotea majumbani mwetu kwa adabu tu.

Mlangoni binti alimwinamia bibi yake, akamnong'oneza, "Ahsante, bibi."

Bibi akatega sikio. "Sikusikii!"